Wi-Fi Imejaa, Intaneti Haipo: Namna Ruta ya Laini Inavyofanya Kazi Mbali na Mji

Simu inaonyesha alama za Wi-Fi zimejaa zote. Unafungua ukurasa, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mpaka unaitupa simu kwenye kochi na kuanza kuilaumu ruta. Mara nyingi ruta haina kosa. Tatizo ni kwamba zile alama hazipimi kile tunachodhani zinapima.

Ruta ya laini ni redio mbili ndani ya kiboksi kimoja. Ya kwanza inaongea na mnara wa simu, ambao huenda uko kilomita kadhaa kutoka hapo ulipo, kwa kutumia laini uliyoichomeka. Ya pili inaongea na simu, kompyuta na televisheni za humo ndani kwa Wi-Fi. Alama unazoziona kwenye simu ni za redio ya pili peke yake, yaani zile mita tano kutoka kochi hadi meza ya ruta. Habari za mnara hazina. Ni kama kusifia bomba la jikoni kwa kung'aa wakati tangi la juu limekauka.

Ndiyo maana ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba ruta ikae katikati ya nyumba, unawapoteza watu wengi. Huo ni ushauri wa watu wa faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya. Kwao intaneti imeshafika ukutani ikiwa kamili, kilichobaki ni kuisambaza vyumbani. Ruta ya laini bado inayo kazi ya kwenda kuitafuta intaneti hewani, na mahali pake panachaguliwa na mnara kabla ya kuchaguliwa na sebule. Huku vijijini, ambako mnara uko mbali na kuna kilima au miti katikati, kuhama kutoka meza moja hadi dirisha jingine kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kununua ruta mpya.

Kwa nini basi mtu asitumie tu hotspoti ya simu yake? Kwa mtu mmoja, kwa saa moja, hotspoti inatosha kabisa. Ila simu huchemka, betri yake huisha na kuchoka mapema, na mwenye simu akitoka nyumbani anaondoka na intaneti ya watu wote. Ruta inakaa mahali pamoja usiku na mchana, inahudumia vifaa vingi kwa wakati mmoja, na nyingi zina matundu ya kuchomeka antena ya nje, kitu ambacho simu haina.

Namba mbili za kuzijua

Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha ingia kwa neno la siri. Tafuta ukurasa unaoeleza hali ya mtandao. Utakuta herufi za kutisha kidogo: RSRP, RSRQ, SINR na nyinginezo. Kwa matumizi ya nyumbani, mbili zinatosha.

RSRP ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Huandikwa kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo hali ilivyo njema. Ukiona −80 shukuru. Ukiona −100 inavumilika. Ikishuka hadi −115 ruta inaning'inia kwa kucha. Kipimo chenyewe ni desibeli, nazo zina hila yake: tofauti ya 3 ni mara mbili, tofauti ya 10 ni mara kumi. Kwa hiyo kutoka −105 kwenda −95, badiliko ambalo kwa macho ni dogo, ruta imeanza kupokea nguvu mara 10 zaidi.

SINR inalinganisha mawimbi unayoyataka na kelele iliyoyazunguka, pamoja na mawimbi ya minara mingine yanayoingilia. Ikifika 20 na kuendelea, mazungumzo kati ya mnara na ruta ni safi. Kwenye 10 kazi inakwenda. Ikikaribia 0, wawili hao wanalazimika kusema polepole na kurudiarudia, kama watu wanaoongea mbele ya spika kubwa. Nikilazimishwa kuchagua namba moja nichague hii, kwa sababu mawimbi yenye nguvu lakini machafu ndiyo yanayowachanganya watu: kila kitu kinaonekana kimejaa, na bado intaneti inasuasua.

Nilijifunza hili nyumbani kwa shangazi yangu. Ruta yake ilikaa pazuri sana, juu ya kabati la televisheni, taa yake ikiwaka kijani, na kila alipompigia mwanawe kwa video sura ya kijana iliganda mdomo wazi. Nikafungua ule ukurasa: RSRP −108, SINR 2. Tukachukua ekstensheni na kuanza kutembea na ruta nyumba nzima, mimi nimeishika, shangazi anasoma namba kwenye simu. Chumbani kwake SINR ikawa 1. Jikoni 4. Tulipofika stoo, kwenye kidirisha kidogo kinachotazama upande ambao hakuna kilima, akasema "kumi na tatu", na RSRP ikapanda hadi −97.

"Mwanangu, mbona kule sebuleni ilikuwa inawaka kijani?"

"Kijani inasema imeunganishwa, shangazi. Haisemi imeunganishwa vizuri."

Ruta ikabaki stoo, juu ya magunia. Sebuleni alama za Wi-Fi zilipungua moja, na binamu akaacha kuganda.

Ukifanya zoezi hilo kwako, usiwe na haraka. Kila unapoiweka ruta, subiri kama nusu dakika, maana namba hurukaruka kabla ya kutulia. Jaribu juu na chini, si kushoto na kulia tu. Na usidharau hatua ndogo: kwenye bendi (fungu la mawimbi ambalo mnara hutumia) ya megahezi 1,800 wimbi moja lina urefu wa sentimita 17 hivi, haufiki hata shubiri, kwa hiyo kuisogeza ruta kiasi hicho kunaweza kuitoa kwenye shimo la mawimbi, yaani mahali yanapodhoofika ghafla. Nyumba iliyoezekwa kwa bati, au yenye nondo na wavu wa chuma madirishani, huyarudisha mawimbi nje, na hapo dirisha lisilo na wavu au mlango unaotazama mnara ndio tundu pekee lililobaki.

Kuna jambo jingine ambalo alama hazilisemi. RSRP inakwambia jinsi ruta inavyousikia mnara. Mnara nao unaisikia ruta? Mnara hurusha kwa nguvu ya makumi ya wati kutoka juu ya mlingoti. Ruta ya kawaida ya 4G inaruhusiwa miliwati 200 tu. Ndiyo sababu mtu anaweza kutazama video bila shida, lakini akituma picha tatu zinakwama, au kwenye kikao cha video yeye anawasikia wenzake na wao hawamsikii. Unapokuwa pembezoni mwa eneo la mnara, sauti ya ruta ndiyo inayozimika kwanza.

Ile 150 iliyoandikwa kwenye boksi

Boksi linasema Mbps 150, nyumbani unapata 12, unahisi umeibiwa. Hiyo 150 ni uwezo wa ruta ya daraja linaloitwa Cat 4 ikiwa imepewa chaneli nzima ya 4G yenye upana wa megahezi 20, mawimbi yakiwa safi kabisa, na ikiwa peke yake. Chaneli ikiwa na upana wa megahezi 10, dari linashuka hadi 75. Na dari hilo ni la watu wote wanaotumia chaneli hiyo kwenye upande huo wa mnara, si lako. Ruta za Cat 6 hufika 300 kwa kuunganisha chaneli mbili kwa pamoja, jambo lenye maana pale tu ambapo mnara wako una hizo chaneli mbili. Kumbuka pia kwamba hizo ni megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti: kasi ya Mbps 20 inapakua megabaiti mbili na nusu kwa sekunde.

Hapa ndipo bendi zinapoingia. Minara hutumia mawimbi ya aina mbalimbali, na huku mbali na mji yanayotegemewa zaidi ni yale ya chini, megahezi 700, 800 au 900. Yanasafiri mbali, yanapenya kuta na majani vizuri zaidi. Lakini chaneli zake kwa kawaida ni nyembamba, kwa hiyo yanafika kila mahali yakiwa yamebeba mzigo mdogo. Bendi za juu, 1,800, 2,100 au 2,600, hubeba zaidi na kuchoka mapema. Bendi ya 5G iliyozoeleka, ya karibu megahezi 3,500, huchoka upesi zaidi, kwa hiyo kabla hujalipia ruta ya 5G hakikisha hiyo 5G inafika unapoishi.

Baadhi ya ruta hukuruhusu kuchagua bendi mwenyewe badala ya kuiachia iamue. Jaribu kila moja, na pima kasi, usipime alama. Bendi ya juu inayoonekana dhaifu lakini tulivu mara nyingine huishinda bendi ya chini yenye nguvu inayogombewa na kijiji kizima. Na kama unanunua ruta iliyotumika au iliyotoka nchi nyingine, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: je, ina bendi zinazotumiwa na mnara wako, na je, haijafungwa kwenye mtandao mmoja? Ruta isiyo na bendi husika haiwezi kusaidiwa na antena wala fundi.

Antena, na waya unaokula antena

Watu wengi wakishindwa na mawimbi hukimbilia antena ya nje. Ni wazo zuri linaloharibiwa na waya. Tuseme umenunua antena inayoongeza desibeli 9, umeifunga juu ya paa, na umeiunganisha na ruta kwa ule waya mwembamba mweusi wa mita 10 uliokuja nayo. Waya mwembamba wa aina ya RG174 hupoteza zaidi ya desibeli 1 kwa kila mita kwenye bendi ya 1,800. Mita 10 zimemeza zaidi ya desibeli 10. Umepanda paani, umetoboa ukuta, na umerudi nyuma ya ulipoanzia, isipokuwa kile kidogo ulichopata kwa kuwa juu. Waya mnene wa aina ya LMR-400 hupoteza kama desibeli 2 kwa urefu huohuo, lakini ni mgumu kuukunja na bei yake inaumiza.

Tena, 4G hutuma mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, mmoja kwa kila antena, na ruta inazo mbili ndani yake. Ukichomeka antena moja ya nje yenye waya mmoja, umeifunga mikono nusu. Inayofaa ni antena yenye waya mbili, au antena mbili zilizoinamishwa kila moja upande wake, zikifanya herufi V. Angalia pia matundu ya ruta yenyewe: nyingine hutumia skrubu ya SMA, nyingine vitundu vidogo vya TS-9, na antena ya aina moja haiingii kwenye nyingine.

Antena za kuelekeza zinahitaji kujua mnara uko wapi, na mnara ulio karibu zaidi si lazima uwe ndio unaokuhudumia. Paneli za mnara zinatazama pande maalumu, kwa kawaida tatu, na unaweza kuwa nyuma ya mnara wa karibu huku ule wa mbali ukikutazama usoni. Zungusha antena polepole, nyuzi chache kwa wakati, huku mtu wa chini anasoma SINR.

Ukiniuliza mimi, kwa nyumba iliyo mbali na mnara, ningeruka hilo suala la waya kabisa na kutafuta ruta ya nje: kifaa chenye antena na modemu ndani ya kasha moja lisilopitisha maji, kinachofungwa juu ya mlingoti. Kinachoshuka kutoka huko ni kebo ya ethaneti, ambayo hubeba data na umeme wa kifaa kwa pamoja na inaweza kwenda hadi mita 100 bila kupunguza mawimbi, kwa sababu mawimbi yameshageuzwa kuwa data hukohuko juu. Chini unaweka kifaa cha Wi-Fi popote unapopenda, hata katikati ya sebule. Mlingoti lazima uwe na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na radi zikianza chomoa.

Jioni kila kitu kinakwama

Saa nne asubuhi unapima unapata Mbps 25. Saa mbili usiku, mahali palepale, SINR ileile, unapata 2. Hilo halitibiwi na antena. Chaneli ya mnara ni daladala moja, na jioni abiria wote wanapanda. Wakati mwingine msongamano hauko hewani bali kwenye njia inayouunganisha mnara na dunia, ambayo kwa minara ya mbali huwa kiungo cha redio kinachorukia mnara mwingine. Dawa ni kubadili bendi, kubadili kampuni, au kupanga upakuaji mzito ufanyike usiku wa manane. Kabla ya kununua ruta, azima simu yenye laini ya kila kampuni inayofika hapo na upime saa mbili usiku, siyo mchana watu wakiwa shambani.

Bando nalo linaisha kwa njia ambayo wengi hawaitegemei. Simu ikiwa kwenye laini yake yenyewe huwa na adabu: inasubiri Wi-Fi ndipo ipakue masasisho na kuhifadhi picha mtandaoni. Ikiona Wi-Fi ya ruta inaamini imefika kwenye neema isiyopimwa, na inafungulia kila kitu. Zikiwa simu nne na kompyuta moja, bando la mwezi linaweza kuondoka kwa wiki bila mtu kutazama hata video moja. Kwenye Android na Windows kuna mahali pa kuitangaza Wi-Fi husika kuwa ni mtandao wenye kipimo. Fanya hivyo kwenye kila kifaa siku ya kwanza. Kisha ikabili televisheni. Netflix wenyewe hukadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD, na GB 0.7 kwa kiwango cha kati. Saa mbili kila jioni kwa mwezi ni GB 180 au GB 42, na kwenye kioo kidogo tofauti huionei.

Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo husomwa kwa maandishi madogo. Vingi vina kiasi ambacho ukikivuka kasi inashushwa, wakati mwingine hadi meseji zinapita na video hazipiti. Vingine vimefungwa kwenye ruta moja, au kwenye mnara mmoja, ukihama navyo vinagoma.

Kuna swali linalowakuta wanaofunga kamera za ulinzi: kwa nini siwezi kuifikia kamera yangu nikiwa mbali, ingawa nimefungua milango yote kwenye ruta? Anwani za IP, zile namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, za mtindo wa zamani ni bilioni 4.3 tu dunia nzima, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja ya pamoja. Tazama anwani ambayo ruta imepewa na mtandao. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hakuna anayeweza kubisha hodi kwako kutoka nje, kwa sababu mlango wenyewe si wako. Tumia kamera inayotoka yenyewe kwenda kwenye seva ya mtengenezaji, au jenga njia ya VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) inayoanzia ndani kwenda kwenye seva uliyokodi, au omba anwani ya umma kama kampuni inaiuza.

Umeme

Ruta ni nyepesi kwa umeme, nyingi hutumia wati 5 hadi 10. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 ina saa-wati 84. Ukitumia nusu yake ili isife mapema, ruta ya wati 7 inapata saa sita. Ukiwa na sola, usipitishe umeme kwenye inveta kwenda kwenye adapta. Hapo unaupandisha mlimani ili uushushe tena, na njiani unamwagika. Ruta ya volti 12 inaweza kula moja kwa moja kutoka kwenye betri, ila weka kidhibiti cha volti katikati, maana betri ikichajiwa hupanda zaidi ya volti 14 na si kila ruta inavumilia.

Halafu kuna mnara. Nao una betri zake, wakati mwingine jenereta, na umeme wa eneo zima ukikatika kwa saa nyingi nao huzima. Usiku kama huo taa ya ruta inabadilika rangi, Wi-Fi kwenye simu inabaki imejaa, na RSRP haionyeshi namba yoyote.